Kamera za bei nafuu na skrini kwenye trekta: za waya au zisizo na waya, na nizifunge wapi?

MkulimaMistari (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu.

Nina trekta yenye kebini, umeme wake volti 12. Msimu wa kupanda nafunga planta ya mistari minne, msimu wa kuvuna navuta tela. Kote kuwili shida yangu iko nyuma.

Nikipanda nalazimika kugeuka kila baada ya hatua chache. Nataka kuona kama mnyororo wa planta unazunguka, kama mabua ya msimu uliopita yamejikusanya mbele ya diski, kama kuna boksi la mbegu limekaribia kuisha. Nikigeuka, trekta inahama mstari. Nikitulia nikatazama mbele, kitu kinakwama na mimi sina habari. Hebu pigeni hesabu: kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, dakika moja ya kutoangalia ni mita 133 za mstari usio na mbegu. Na ikifika jioni shingo imekaza mpaka kulala ni taabu.

Tela ndilo linalonitia hofu zaidi. Likijaa, vioo vya pembeni vinanionyesha ubavu wake tu. Shambani wakati wa kuvuna kuna watu wanaopakia, kuna watoto wanaowafuata wazazi wao. Kila ninaporudi rivasi naomba mtu ashuke asimame pembeni anielekeze, na mara nyingine mtu huyo hayupo.

Mfumo wa kamera unaouzwa na watengenezaji wa trekta wenyewe siumudu. Ila nimeona seti za bei nafuu za kamera mbili mpaka nne na skrini moja ya inchi 7, nyingine za waya, nyingine hazina waya. Naomba msaada wa waliokwisha kufunga: nichukue ipi? Umeme niutoe wapi? Hizi kamera zitahimili vumbi na mtikisiko? Skrini ikae upande gani?

---

TelaMbili

Mkuu, mimi natumia kamera ya Wi-Fi yenye sumaku chini, naibandika nyuma ya tela, picha naiona kwenye simu. Kwa kulenga ndoano ya tela inanisaidia sana, sihitaji mtu wa kuniambia "kushoto, kulia kidogo". Hakuna waya wa kupitisha, na nikimaliza naibandua naenda kuichaji. Anza nayo hiyo, ni rahisi.

---

FundiNyaya

Kazi yangu ni umeme wa magari na mashine za shamba, hivyo nitaandika kwa urefu kidogo, naomba mnivumilie.

TelaMbili yuko sawa kwa kazi anayoifanya: trekta imesimama au inasogea polepole, umbali mfupi, dakika chache. Kwa kazi ya MkulimaMistari nashauri za waya, bila kusita. Picha ya Wi-Fi kwenye simu huchelewa. Tuseme imechelewa nusu sekunde tu, na unarudi rivasi kwa kilomita 5 kwa saa: trekta imekwisha kusogea sentimita 70 kabla hujaona kilichopo. Kama kilichopo ni mtu, sentimita 70 ni nyingi mno. Tena tela la chuma lililojaa linakaa katikati ya kamera na kebini, na mawimbi hayapendi chuma. Picha inaganda, nawe unaiangalia ukidhani iko hai. Mimi huona picha iliyoganda ni hatari kuliko skrini nyeusi, kwa sababu skrini nyeusi angalau inakufanya usimame.

Sasa kununua. Kwenye kamera hizi za bei nafuu za waya kuna aina mbili kubwa za mawimbi ya picha: ya zamani, ambayo huandikwa CVBS, na mpya yenye picha kali zaidi, AHD, ambayo huwa ya 720p au 1080p. Kamera na skrini lazima zielewane. Skrini ya CVBS peke yake ukiichomekea kamera ya AHD, utapata giza au mistari inayokimbia, ukadhani kamera ni mbovu. Ndiyo maana nawaambia watu wanunue seti nzima pamoja, na kama wanaongeza kamera baadaye wahakikishe ni ya aina ileile.

Angalia pia plagi. Zile za pini nne zenye nati ya kukaza kwa kuzungusha ni nzuri sana kwa trekta, hazichomoki kwa mtikisiko, na waya mmoja unabeba umeme na picha pamoja. Hasara yake ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana mpangilio wa pini. Plagi inaingia vizuri kabisa, kumbe pini ya volti 12 imekutana na pini ya picha. Ukichanganya seti mbili tofauti, pima kwanza kwa mita kila pini kabla ya kuwasha.

Kuhusu maji na vumbi, tafuta alama ya IP67 kwenda juu. IP67 maana yake vumbi haliingii na kamera inavumilia kuzamishwa maji ya mita moja kwa nusu saa. Haimaanishi inavumilia pampu ya kuoshea yenye presha. Hiyo ni IP69K, na kama kamera yako haijaandikwa hivyo, usiilenge na bomba la presha kwa karibu. Ifute kwa kitambaa chenye maji.

Umeme. Chukua skrini iliyoandikwa inakubali volti 10 mpaka 32, hata kama trekta yako ni ya 12. Volti za trekta hazitulii. Stata ikivuta, zinashuka. Injini ikichaji, zinapanda mpaka 14 na kitu. Na terminali ya betri ikilegea injini ikiwa inaunguruma, altaneta inaweza kurusha volti nyingi kwa ghafla. Halafu kuna wale wanaowasha trekta iliyokufa betri kwa kuazima betri mbili za lori zilizofungwa kufikia 24. Skrini ya volti 12 tupu haiponi hapo.

Seti ya skrini ya inchi 7 na kamera nne zenye taa za usiku kwa kawaida haizidi ampea 2. Kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 inatosha, na fyuzi ikae karibu na unapochukulia umeme, isikae karibu na skrini. Fyuzi inalinda waya. Waya ukichubuka katikati ya safari na fyuzi iko kule kwenye skrini, shoti itaunguza kebini nzima fyuzi ikiwa salama. Chukua umeme unaokuja baada ya swichi ya funguo, ule unaokatika stata inapovuta. Hivyo skrini haitajizima na kujiwasha vibaya, na hutakuta betri imekufa asubuhi kwa sababu umesahau kuizima. Ethi ya skrini, yaani waya wake wa hasi, rudisha palepale ulipotoa chanya, au kwenye hasi ya betri. Usiibane kwenye bolti yoyote yenye rangi.

Skrini zina nyaya ndogo za ziada za rangi mbalimbali. Hizo ni za kuamsha kamera fulani yenyewe: ukitia rivasi, kamera ya nyuma inajaza skrini. Kwenye gari unaunganisha na taa ya rivasi. Trekta nyingi hazina taa hiyo, na hapa ndipo watu huanza kutoboa nyaya za gia. Tafadhali usiguse nyaya za gia za trekta zenye udhibiti wa kielektroniki. Weka swichi ndogo ya kawaida karibu na mkono wako wa kulia, iunganishe na waya wa kuamsha kamera ya nyuma, basi. Unaibonyeza mwenyewe kabla ya kurudi.

La mwisho kwa sasa, na hili nalisisitiza: usitoboe wala usichomelee nguzo za kebini au ile fremu ya kukinga dereva trekta inapopinduka. Chuma kile kimepimwa kikiwa kizima. Tundu moja au mchomeleo mmoja unaweza kukidhoofisha mahali ambapo kinatakiwa kujipinda bila kukatika. Tumia vibano vya bolti za umbo la U, na mpira katikati. Mpira huo unapunguza mtikisiko pia, unakuwa umepata mawili.

---

MkulimaMistari

Asante sana FundiNyaya, nimeelewa mengi. Seti ya waya basi. Naomba niongeze: waya wa kwenda kwenye planta unapita wapi bila kukatwa na mikono ya hidroliki? Na je, kamera itanionyesha kama mrija wa mbegu umeziba? Maana hilo ndilo hasa nililolitaka.

---

DerevaShamba

Ndugu yangu, nikujibu hilo la mrija kwa sababu nimeendesha na kamera kwenye planta misimu kadhaa. Hapana, haitakuonyesha. Mbegu inashukia ndani ya mrija, nyuma ya diski, na inafukiwa palepale. Hakuna pembe ya kamera inayofika hapo. Kama unataka kujua mrija umeziba, hiyo ni kazi ya kihisi kinachofungwa ndani ya mrija wenyewe, kinachohesabu mbegu zinapopita kwenye mwanga. Ni kifaa kingine kabisa.

Lakini usikate tamaa, maana sababu nyingi za kukosa mbegu zinaonekana kutoka nje. Gurudumu linaloendesha planta likiacha kuzunguka, unaliona. Mnyororo ukitoka, unauona. Mabua yakijikusanya, unayaona yanavyosukumwa kama fagio kabla hayajaleta madhara. Diski ikibeba tope na kuacha kuzunguka, inaonekana. Mimi kamera moja imetazama mnyororo na gurudumu, nyingine iko juu inatazama safu nzima ya diski kutoka mbele. Kuangalia ndani ya maboksi kwa kamera niliacha. Mfuniko ukifungwa huoni kitu, na ukiuacha wazi vumbi linaingia kwenye mbegu. Boksi nashuka nalifungua mwisho wa mistari.

Mahali pa kuiweka ndiyo mtihani. Weka juu, itazame chini. Kamera ikiona anga, mwanga wa anga unaifanya ipunguze mwangaza wa picha yote, na planta yako inageuka kivuli cheusi. Iinamishe mpaka anga itoke kabisa kwenye picha. Hapo hapo utakuwa umeepuka jua la asubuhi na la jioni kuingia kwenye lenzi. Kama haina kikinga jua juu, ikatie kipande cha mpira wa tairi la ndani kiwe ukingo.

Vumbi linafuata magurudumu ya nyuma na kutulia nyuma ya mashine, kwa hiyo kamera iliyofungwa chini nyuma inafunikwa haraka. Panda juu hata nusu mita, utaona tofauti. Usipake mafuta kwenye lenzi ukidhani maji yatateleza. Vumbi linaganda juu yake likawa tope. Mswaki laini ukae kebini.

Halafu taa zake za usiku, zile nukta ndogo kuzunguka lenzi. Kwenye uwanja safi zinafaa. Kwenye vumbi mwanga wake unagonga chembe zilizo mbele ya lenzi na kurudi, unaona weupe mtupu. Vilevile kamera ikiwa karibu na chuma. Mimi nimezifunika kwa tepu nyeusi, natumia taa za kazi za trekta zilizofungwa mbali na kamera. Picha ikawa safi.

---

FundiNyaya

DerevaShamba amenipunguzia kazi. Nijibu la waya.

Gawa waya vipande viwili. Cha kwanza kinatoka kwenye skrini mpaka nyuma ya kebini, kinabaki kwenye trekta siku zote. Cha pili kinabaki kwenye planta. Vikutane kwa plagi ya pini nne karibu na soketi ya taa za tela, na kila upande uwe na kifuniko chake, maana plagi iliyoachwa wazi ikining'inia inajaa udongo ndani ya saa moja. Weka grisi ya umeme kidogo kwenye nati na mpira wa plagi.

Ukipitisha waya, fuata hozi za hidroliki ambazo watengenezaji wamekwisha kuzipitisha. Wao waliangalia mahali ambapo hapabanwi. Kaa mbali na ekzosi na kaa mbali kabisa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine ya nyuma, hata ikiwa na kifuniko. Waya uliolegea ukinaswa na shafti inayozunguka mara 540 kwa dakika, unavuta kamera, kibano na chochote kilichofungwa nao. Kabla ya kukaza chochote, inua planta mpaka juu, ishushe mpaka chini, kisha kata kona kali kushoto na kulia huku mtu mwingine amesimama mbali akitazama waya. Acha ulegevu unaotosha kwa hali iliyo mbaya kuliko zote, usizidishe. Unapoingia kebini pita kwenye tundu lenye mpira, na kabla ya tundu uuache waya ushuke kidogo kisha upande, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya mpaka ndani.

Ukihitaji kuchomelea kitu chochote kwenye trekta au planta, chomoa skrini na utoe terminali za betri kwanza.

---

TelaMbili

Nimejifunza kitu leo, asanteni. Swali dogo: jirani yangu alifunga za waya, zinaonyesha vizuri injini ikiwa imezimwa, ila akiwasha inakuja mistari inayopanda juu ya skrini, na akikanyaga mafuta inaongezeka kasi. Kamera mbovu?

---

FundiNyaya

Hapana, kamera ni nzima. Mistari inayobadilika kwa mwendo wa injini inatoka kwenye altaneta. Muulize kamera zake zimepata umeme wapi. Mara nyingi utakuta skrini imechukua ethi kebini na kamera imechukua ethi yake nyuma, kwenye chesesi. Kati ya ethi hizo mbili kuna tofauti ndogo ya volti inayocheza kila altaneta inapochaji, na tofauti hiyo inasafiri kwenye waya wa picha. Akate ethi ya kule nyuma, kamera ipate chanya na hasi zote kutoka sehemu moja na skrini. Ahakikishe pia bodi ya kamera haigusi chuma moja kwa moja. Kipande cha mpira chini ya kibano kinatosha. Zikibaki, azime taa za kazi za LED moja moja, kwani baadhi ya taa za bei nafuu huchafua picha vilevile.

---

DerevaShamba

Kwa MkulimaMistari, kuhusu tela na watu, maana hilo ndilo lililonigusa kwenye swali lako.

Kwa nyuma ya tela usichukue lenzi pana kuliko zote. Ya nyuzi 170 inaonyesha eneo kubwa lakini inasukuma kila kitu mbali. Mtu aliye mita 2 anaonekana kama yuko mita 5. Mimi naona ya nyuzi 120 hivi inatosha. Na ile michoro ya kijani, njano na nyekundu inayokuja kwenye skrini ilipangwa kwa gari dogo, kwenye tela lako haina maana yoyote. Izime. Badala yake simamisha tela mahali tambarare, simika miti miwili ardhini mita 1 nyuma yake, mingine mita 3, mingine mita 5. Kaa kwenye kiti, tazama inapoangukia kwenye skrini, kisha weka alama ndogo za tepu pembeni mwa skrini. Hizo ndizo utakazoziamini.

Angalia pia kushoto na kulia. Kamera ya kurudi nyuma inatakiwa ionyeshe kama kioo cha gari, cha kulia kikae kulia. Kamera nyingi zina waya mwembamba wa kitanzi au kipengele kwenye menyu ya skrini cha kugeuza hilo. Mwambie mtu asimame upande wa kulia wa tela, uhakikishe anatokea kulia. Kamera inayotazama mashine kutoka mbele yake pia uipange hivyohivyo, ama sivyo utasahihisha upande usio wenyewe.

Skrini iweke upande wa kulia, karibu na vishikio vya hidroliki, chini ya usawa wa macho, isizibe gurudumu la mbele wala mlango wa dharura. Usiku punguza mwanga wake.

Na hata ukifunga kamera nne, ubavu wa tela karibu na magurudumu una sehemu hakuna kamera inayoona, na pale ndipo watu hupenda kusimama wakipakia. Kabla ya kuondoka piga honi, hesabu waliokuwa wanapakia, uwaone wote kwa macho. Ukikosa mmoja, zima injini ushuke.

---

MkulimaMistari

Nimeelewa wakuu, Mungu awabariki. Nitaanza na kamera mbili za AHD, moja nyuma ya tela na nyingine kwenye mnyororo wa planta, skrini yenye nafasi nne ili niongeze baadaye. Fundi, tela langu lina urefu wa mita 5, na kutoka kwenye skrini mpaka ndoano ni kama mita 4. Waya wa mita 10 utatosha?

---

FundiNyaya

Utakuwa umebana mno. Waya hauendi kwa mstari ulionyooka: unapanda kwenye dari ya kebini, unashuka, unazunguka hozi, unahitaji ulegevu kwenye kona, na kamera ya tela inakaa juu. Chukua wa mita 15, au wa mita 5 ubaki kwenye trekta na wa mita 10 ubaki kwenye tela. Umeme wa kamera moja ni mdogo, volti zitakazopotea kwa urefu huo hazizidi moja, kamera haitahisi. Utakaozidi ukunje kwa duara pana ndani ya kebini. Usiuache nyuma ukining'inia.